Kutoka Njoro Hadi Ng'ambo ya Atlantiki

Mji wa Njoro uko karibu na Nakuru, juu kidogo ya Bonde la Ufa, mahali ambapo nchi yaanza kupanda kuelekea misitu ya Mau. Msafiri akisimama huko alfajiri, kabla ukungu haujaondoka, huliona bonde limetandazwa mbele yake na mlima Menengai ukisimama ng'ambo, na baridi ya hapo si baridi ambayo mtu wa pwani aweza kuivumilia bila koti. Siku hizi Njoro ni nchi ya ngano na maziwa, na ya wanafunzi pia, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapo. Walakini liko jambo moja ambalo wasafiri wengi hupita bila kulijua. Mwanamke wa kwanza kuivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa eropleni, kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua njiani, alilelewa katika udongo huu, naye tangu utotoni alisema Kiswahili na Kinandi pamoja na Kiingereza chake.

Jina lake la kuzaliwa ni Beryl Clutterbuck, na jina la Markham, ambalo ndilo lililojulikana duniani, alilipata kwa mume wake wa pili. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi. Babake, Bwana Charles Clutterbuck, alikuwa fundi wa kufunza farasi wa mashindano, akafanya shamba Njoro wakati ambapo nchi ile ilikuwa bado pori. Mamake hakuyapenda maisha hayo. Muda si mrefu alirudi kwao Uingereza, akamwacha binti na babake. Basi mtoto akalelewa na watu wa shambani, na zaidi ya wote alilelewa na Wanandi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana aitwaye Kibii, na babake Kibii, mzee arap Maina, ndiye aliyewachukua wote wawili kwenda kuwinda ngiri kwa mikuki. Walimwita Lakwet, yaani mtoto. Alikwenda pekupeku, akachukua mkuki kama wavulana, na mbwa wake aitwaye Buller alifuata nyuma. Mambo aliyoyapata huko si mambo ya kuandikwa katika daftari ya shule: jinsi ya kujua upepo watoka wapi kabla ya kupiga hatua, jinsi ya kusimama kimya mnyama anapokutazama, na jinsi ya kutofautisha nyasi zilizolazwa na upepo na nyasi zilizolazwa na kitu kilichojificha ndani yake.

Wala hatari hazikukosekana. Siku moja alipokuwa mtoto walikwenda yeye na babake kuwazuru jamaa ya Elkington, karibu na Kabete. Jamaa hao walikuwa wamemfuga simba tangu udogo wake, jina lake Paddy, akatembea huru shambani kama ng'ombe, na kila mtu alisema amefugika kabisa. Simba yule alimfuata mtoto kwa nyuma, akamwangusha na kumrarua mguu. Aliyeona jambo hilo ni saisi wa Kihindi, Bishon Singh, aliyepiga mbio kumwita mwenye nyumba. Bwana Elkington alikuja na kiboko mkononi, na simba akamwacha mtoto akamgeukia yeye, hata ikambidi bwana huyo aparamie mti. Mtoto alipona. Paddy alitiwa kizimbani, akakaa humo mpaka kufa kwake. Bibi Markham alipoyakumbuka mambo hayo utu uzimani hakumlaumu simba hata kidogo, bali aliona kwamba mnyama yule alitenda jambo la asili yake, na kwamba waliokosea ni wale waliomdhania kuwa kitu kingine. Mtu aliyeondoka na fikira hiyo akiwa bado mdogo yamkini alikuwa amekwisha kupata nusu ya elimu ya urubani, kwa maana hewa nayo haifugiki.

Vita Kuu ya kwanza ilipokuja, mzee arap Maina alikwenda vitani wala hakurudi. Baada ya vita ikafuata miaka ya ukame, shamba la Bwana Clutterbuck likafilisika, naye akaamua kuhamia Peru, kule Amerika ya Kusini. Binti, ambaye alikuwa hajatimiza miaka ishirini, alikataa kwenda. Alipanda farasi wake Pegasus, akatia vitu vyake vichache katika mikoba miwili ya tandiko, akapanda njia ya kwenda Molo ili awe mfunza farasi kama babake. Huko Molo alifuatwa na Kibii. Lakini Kibii hakuwa Kibii tena. Alikuwa ametahiriwa, amekuwa mtu mzima, na jina lake sasa ni arap Ruta. Alikuja kufanya kazi. Watoto wawili waliokimbia pamoja nyuma ya ngiri sasa walikuwa bibi na mtumishi wake, na aliyekuwa Lakwet akawa memsab. Desturi ya nchi ya zama zile ilitaka hivyo, na wote wawili waliikuta imekwisha kupangwa. Hata hivyo kila atakayezisoma habari za safari za Bibi Markham ataona kwamba arap Ruta yumo karibu katika kila moja, ijapokuwa jina lake halikuandikwa katika magazeti ya London wala ya New York.

Habari za farasi ni nyingi na hapa zitapitwa upesi. Alipata leseni ya kufunza farasi, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata, na mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mashindano makubwa ya St Leger mjini Nairobi. Jambo linalohusu safari hizi ni mkutano mmoja tu. Katika barabara ya Molo alimkuta Mzungu mmoja amesimama kando ya motokaa iliyoharibika, mikono imejaa mafuta. Huyu alikuwa Tom Campbell Black. Badala ya kuilaani motokaa yake alianza kumsimulia habari za eropleni, jinsi zitakavyokuja Kenya na jinsi maili mia za matope zitakavyokuwa safari ya saa moja. Ni ajabu kidogo kwamba mtu asiyeweza kuondoa gari lake shimoni alikuwa akipanga njia za mbinguni. Lakini maneno yake yalitimia. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Kenya, Bibi Florence Kerr Wilson, alitoa fedha zake kuanzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, na rubani wake wa kwanza alikuwa huyo huyo Bwana Black.

Kiwanja chao kilikuwa kwenye uwanda wa nje ya Nairobi. Baadaye kiliitwa Nairobi West, na tangu mwaka 1962 chaitwa Wilson. Msomaji anayekijua kiwanja hicho leo, pamoja na lami yake na kelele za eropleni ndogo zinazoondoka moja baada ya moja, aondoe vyote hivyo katika mawazo yake. Palikuwa na majani, banda, na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo. Punda milia na nyumbu walilisha humo, na eropleni ilipotaka kushuka ilibidi kwanza wafukuzwe. Petroli ilikuja katika madebe, na kabla ya kumiminwa katika tangi ilichujwa kwa ngozi laini, maana tone la maji au chembe ya kutu yaweza kuizima injini mahali ambapo hapana pa kutua. Kazi hizo arap Ruta alijifunza. Akajua kuzungusha pangaboi, kukagua nyaya za mabawa, na kuisikiliza injini kama alivyozoea kusikiliza pumzi ya farasi.

Mwaka 1931 Bibi Markham alianza kufunzwa urubani na Bwana Black. Mwalimu huyo hakuwa msemaji sana, na mafunzo yake mengine yalikuwa ya kutisha. Asubuhi moja alimwacha mwanafunzi wake aelekeze eropleni kwenye milima ya Ngong. Uwanda wa Nairobi una kimo cha futi 5,500 hivi juu ya bahari, na Ngong yapita futi 8,000. Mwanafunzi aliinua pua ya eropleni, akafungua petroli yote, akaona mbele yake mabonde ya kijani ya milima yakikaribia. Eropleni ilikuwa imeelekea juu, injini yanguruma kwa nguvu zake zote, na bado ilikuwa ikishuka. Bwana Black alikaa kimya. Alinyamaza mpaka mawe na miti ilipoonekana wazi kabisa, ndipo aliposhika usukani mwenyewe na kuigeuza.

Sababu yake ni hii. Upepo unapovuka mlima humwagika upande wa pili kama maji yanavyomwagika juu ya ukingo wa bwawa, na eropleni ndogo ikiingia katika mmwagiko huo huvutwa chini pamoja na hewa yenyewe. Tena hewa ya nchi za juu ni nyepesi, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi, hata mabawa hupata kidogo cha kushikilia na injini hupungukiwa nguvu. Kuelekeza pua juu hakusaidii neno. Dawa ni kugeuka mapema, kupanda mbali na mlima, kisha kurudi. Mambo hayo yangeweza kuelezwa kwa maneno katika dakika tano, lakini Bwana Black aliona kwamba mwanafunzi wake angeyasahau, hakuyasahau.

Mwaka huo huo wa 1931, mwezi Mei tarehe 14, ulitokea msiba wa Voi. Bwana Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana, alikuwa amenunua eropleni ya namna ya Gipsy Moth ili awatafute tembo kutoka angani. Alimwalika Bibi Markham afuatane naye pwani, na Bwana Black, bila sababu aliyoweza kuieleza, akamwomba asiende siku ile. Hakwenda. Eropleni iliondoka Voi, ikazunguka, ikaanguka karibu na kiwanja na kuwaka moto. Finch Hatton alizikwa juu ya Ngong, na kaburi lake lingali huko, watu huenda kulitazama. Pamoja naye alikufa mtumishi wake Kamau, aliyekuwa ameketi katika kiti cha pili. Wanaopanda Ngong kuutazama mnara wa bwana ni wengi, na wanaomuuliza habari zake Kamau ni wachache mno.

Bibi Markham hakuacha. Mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa biashara, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa nayo, akaanza kuajiriwa kuchukua barua, abiria na dawa. Alikuwa na Avro Avian ndogo, yenye injini moja na viti vilivyo wazi kwa upepo, na ubavuni ilichorwa herufi VP-KAN. Mwezi Juni mwaka 1935 aliitwa usiku apeleke chupa ya hewa ya oksijeni Nungwe, kambi ya wachimbaji wa dhahabu huko Tanganyika, kusini ya Ziwa Viktoria, ambako mtu mmoja alikuwa akishindwa kupumua. Kutoka Nairobi mpaka huko ilikuwa safari ya saa tatu na zaidi, hapana taa chini, wala redio, wala mtu wa kumwuliza njia. Chini yake lilikuwa giza la Serengeti. Rubani aliitazama dira, saa na nyota, akawaamini watu wa Nungwe kwamba watawasha moto wa mafuta kuonyesha mahali pa kutua, nao wakauwasha. Katika safari hiyo hiyo alimtafuta rubani mwenzake aliyekuwa amepotea na eropleni yake katika uwanda, akamwona, akashuka na kumchukua akiwa hai.

Safari za namna hii hazikupigiwa tarumbeta, lakini kwa kuzipima kwa haki ndizo zilizostahili sifa kubwa kuliko zote. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 1957, Madaktari wa Ndege walipoanza kazi yao Kenya, kazi yenyewe ilikuwa ile ile ya Nungwe, ila kwa mpango bora na vyombo bora.

Kazi nyingine haikuwa na sifa hiyo. Alikodiwa na wawindaji, hasa Baron Bror Blixen, kutafuta tembo wenye pembe kubwa katika nchi ya Wakamba, kati ya uwanda wa Yatta na mto Tiva. Aliruka chini chini juu ya miiba, na akiona kundi aliandika barua, akaitia katika mfuko wenye utepe mrefu, akauangusha kambini. Wawindaji waliokuwa wakimtegemea Makula, Mkamba mfuatanyayo ambaye sifa zake zilikwenda mbali, sasa walikuwa na macho mbinguni pia. Tembo hawakukawia kujua maana ya mngurumo ule. Aliona kwa macho yake kundi likijibana na kumficha katikati dume mwenye pembe. Wawindaji wengine wa zama zile walisema kwamba kumtafuta mnyama kwa eropleni si uwindaji wa haki, nao walisema kweli. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa namna zote mwaka 1977, na siku hizi eropleni zinazowatafuta tembo wa Tsavo huenda kuwahesabu na kuwalinda.

Hata hivyo siku zile za Yatta zilionyesha jambo jingine. Mvua ilinyesha, mito ikafurika, na Baron Blixen na wenzake wakazingirwa na maji upande wa pili, chakula kikipungua. Eropleni haikuweza kutua katika vichaka. Ikabidi watu walio chini wafyeke miiba kwa mapanga, yadi baada ya yadi, mpaka ikapatikana njia nyembamba ya udongo, naye akashuka juu yake. Hapo tena rubani alikuwa mikononi mwa watu wenye panga, kwa sababu kisiki kimoja kilichosahauliwa kingetosha kumwua.

Toka Nairobi aliruka mara kadhaa mpaka London, safari ya maili 6,000 hivi. Sehemu iliyohofiwa na marubani wote ilikuwa Sudd, kule Sudan ya kusini, ambako mto Nile hupotea katika mafunjo. Kutoka juu mahali hapo paonekana kama malisho mazuri ya kijani, na mgeni angedhani pa kutua ni popote. Kumbe chini ya kijani kile ni maji na matope yasiyochukua uzito wa mtu, seuze eropleni. Zama zile wakuu wa jeshi la ndege la Kiingereza huko Khartoum hawakuruhusu mwanamke aruke peke yake kati ya Juba na Wadi Halfa bila ruhusa yao maalumu. Haikuelezwa kama mafunjo ya Sudd yalikuwa laini zaidi kwa wanaume.

Safari iliyomtangaza duniani ilianza kwa maneno ya mezani. Lord John Carberry, aliyekuwa na shamba upande wa Nyeri na eropleni mpya iliyokuwa ikiundwa Uingereza, alimtolea changamoto: atamwazima eropleni ile kama ataivuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Wengi walikwisha kuivuka toka Amerika kuja Ulaya. Amelia Earhart alifanya hivyo peke yake mwaka 1932. Kwenda magharibi ni kazi nyingine, kwa sababu pepo za bahari ile huvuma zaidi kutoka magharibi, na anayeelekea huko hupambana nazo njia nzima huku akila petroli. Jim Mollison aliwahi kufanya hivyo mwaka 1932 akitokea Ireland. Mwanamke alikuwa bado.

Eropleni ilikuwa Percival Vega Gull, ya mbao na kitambaa, yenye injini moja ya nguvu za farasi 200, nayo ilichorwa herufi za Kenya, VP-KCC. Iliitwa The Messenger, yaani Mjumbe. Matangi ya ziada yalijazwa ndani, mahali pa kukaa abiria, mpaka rubani alibaki na nafasi ya kiti chake tu. Matangi hayo hayakuwa na kipimo cha kuonyesha petroli iliyobaki. Njia pekee ya kujua kwamba tangi limekwisha ilikuwa kuingojea injini izimike, kisha kufungua bomba la tangi la pili na kutumaini itawaka tena. Hakuchukua redio. Hakuchukua hata vazi la kuelea majini, maana alihesabu uzito wake akaona heri nguo za joto.

Alingoja siku nyingi huko Abingdon hali ya hewa itulie, nayo haikutulia. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka vivyo hivyo, mvua na upepo mbele yake. Usiku ulimfunika juu ya bahari. Tangi la kwanza lilipokwisha injini ilizima katika giza, eropleni ikaanza kuanguka, naye akawa anapapasa kwa tochi kulitafuta bomba la pili huku kimo kikipungua, futi mia baada ya futi mia. Katika hali hiyo mkono wa kila mtu hutaka kuvuta usukani ili pua iinuke. Yeye alifanya kinyume, akaisukuma pua chini ili mabawa yasipoteze mwendo, na bahari ilikuwa karibu sana injini ilipowaka. Mtu aweza kukumbuka hapa ile asubuhi ya Ngong.

Alfajiri ilimpata juu ya ukungu. Baadaye aliiona nchi kavu, ufuko wa Canada, na furaha yake ilikuwa ya muda mfupi tu. Tangi la mwisho lilikuwa na petroli, lakini barafu ilikuwa imeziba mahali pa kupitishia hewa, petroli ikawa haifiki barabara, na injini ikaanza kukohoa. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Mahali alipopadhania kuwa uwanda palikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, eropleni ikachoma pua yake katika matope, na rubani akapiga kichwa chake kiooni. Alikuwa amekaa angani saa 21 na dakika 25. Mahali penyewe paitwa Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia. Kijiji cha wavuvi, mawe, majani mafupi na upepo wa bahari. Wavuvi ndio waliomwona akija kwa miguu, amejaa tope na damu usoni.

Alikuwa amekusudia New York, na kwa hiyo yeye mwenyewe alihesabu kwamba ameshindwa. Watu wa New York hawakuona hivyo. Alipelekwa huko, akapokewa na maelfu ya watu barabarani, na meya wa mji akamlaki. Lakini sherehe hizo zilikuwa na uchungu wake. Tarehe 19 Septemba, majuma mawili tu baada ya safari, Tom Campbell Black aliuawa katika kiwanja cha ndege cha Liverpool. Alikuwa angali chini, ndani ya eropleni yake, eropleni nyingine iliyokuwa ikitua ikamgonga. Mtu aliyevuka Afrika mara nyingi alikufa akiwa bado juu ya majani ya kiwanja.

Mambo haya yote Bibi Markham aliyatoa katika kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1942, wakati wa vita, kikasahauliwa upesi. Kilipotolewa tena mwaka 1983 kilisomwa dunia nzima. Hapo walitokea watu waliosema kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujakwisha. Yaweza kuwa mkono wa mwingine ulisaidia kupanga maneno. Lakini Schumacher hakuwahi kukua Njoro, wala hakuuona mto Tiva kutoka angani, wala hakusikia jinsi injini inavyonyamaza juu ya bahari usiku.

Yeye mwenyewe alikuwa amerudi Kenya zamani, na akarudia farasi. Farasi wake walishinda tena na tena katika mashindano ya Nairobi. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mashindano ya farasi wa Ngong Road, hana mali, akafa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu safari ya Atlantiki.

Ama Mjumbe, ile Vega Gull, ilitolewa katika kinamasi cha Baleine, ikatengenezwa, na Lord Carberry akaichukua, kisha akaiuza. Kwa masimulizi ya Bibi Markham, aliyeinunua alikuwa tajiri mmoja asiyejua utunzaji wa eropleni. Aliiacha nje katika kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, katika jua na hewa ya chumvi, mpaka injini ikashikwa na kutu na mabawa yake ya mbao yakapindika.